Fundi wa Ngozi Hujulikana kwa Ukingo

Mtu ajuaye ngozi akipewa mshipi sokoni, hatazami kwanza bizimu wala nakshi za juu. Huugeuza ubavu, akapitisha kidole gumba juu ya ukingo wake tangu mwanzo hata mwisho. Kidole kikiteleza bila kukwama, hutoa fedha. Kikikwaruzwa, huurudisha mshipi mezani na kwenda zake kwa fundi mwingine. Fundi aliyeachwa hudhani kwamba bei yake ndiyo iliyomfukuza mnunuzi, kumbe ni ukingo.

Kumaliza kingo ni kazi ya mwisho baada ya ngozi kukatwa na kushonwa. Vyombo vyake ni vya bei ndogo, na vingine fundi aweza kujichongea mwenyewe. Hata hivyo ndiyo kazi inayorukwa kuliko zote. Wapo mafundi wengi ambao hushona vizuri, hutoboa matundu yakapangana sawasawa, hufunga bizimu kwa imara, kisha huacha ukingo kama ulivyotoka kwenye kisu. Yafaa ieleweke kwa nini jambo hilo ni hasara, na ni kwa njia gani laweza kurekebishwa.

UKINGO NI MLANGO WA MAJI

Ngozi ya ng'ombe si kitu kimoja kigumu kama bati. Imefanyika kwa nyuzi nyembamba sana zilizosokotana kila upande. Upande wa juu, palipokuwa na nywele, nyuzi hizo zimekazana, na ndiyo sababu uso wa ngozi ni laini na maji hayaupenyi upesi. Upande wa chini, uliokuwa umeshikana na nyama, nyuzi ni legevu. Kisu kinapopita hukata nyuzi zote na kuziacha ncha zake wazi, mfano wa kamba ya katani iliyokatwa bila kufungwa fundo. Kamba hiyo huanza kufumuka mwishoni, na ngozi nayo huanza kuharibika ukingoni.

Mkulima aliyesimamisha ua analijua jambo hili. Nguzo hainywi maji sana ubavuni, bali kichwani ilipokatwa. Vivyo hivyo mvua na jasho huingia katika mshipi kwa njia ya ukingo. Ngozi ikilowa na kukauka mara nyingi, mafuta yake hupungua, nyuzi hukakamaa, na tabaka mbili zilizogundishwa pamoja huanza kuachana. Uzi wa mshono, ambao kwa kawaida hupita milimita 3 au 4 tu kutoka ukingoni, hubaki hauna pa kushika.

Kwa mkulima mwenye punda wa kuvuta mkokoteni, hasara yaweza kuwa kubwa zaidi. Mkanda wa kifuani wenye ukingo mkali humkata mnyama kama msumeno butu, hasa anapotoka jasho. Punda mwenye kidonda hana budi kupumzishwa mpaka apone, na siku hizo zote mkokoteni umesimama. Fedha zinazopotea huweza kuzidi bei ya mkanda wenyewe. Ukingo uliofanywa mviringo na kulainishwa haumkati mnyama.

KUITAMBUA NGOZI

Kabla ya kuanza, fundi hana budi kujua ngozi aliyo nayo, maana si kila ngozi hukubali kusuguliwa. Kwa jumla aina anazokutana nazo ni mbili.

Ya kwanza ni ile iliyotengenezwa kwa dawa itokayo katika magome ya miti. Nchini Kenya mti uliojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni muwati, ambao Wakikuyu huuita muthanduku. Asili yake ni Australia, nao uliletwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1900. Magome yake makavu huwa na asilimia 30 hadi 40 ya dawa hiyo. Katika miaka ya 1950 wakulima wengi wa Kiambu, Murang'a na Nyeri waliyauza magome ya miwati kuwa zao la fedha, na dawa iliyokamuliwa viwandani Thika na Eldoret ilipelekwa ng'ambo. Ngozi ya namna hii ni nene na imara, na ndiyo ifaayo kwa mishipi, ala za visu, soli na mikanda ya wanyama.

Ya pili ni ile iliyotengenezwa kwa chumvi za madini ya kromu. Augustus Schultz wa New York aliandikisha njia ya namna hiyo mwaka 1884. Kwa kuwa kromu humaliza kwa siku moja au mbili kazi ambayo magome huifanya kwa majuma mengi, imeenea duniani kote. Ngozi laini za juu ya viatu na za mikoba kwa sehemu kubwa ni za kromu.

Kuzitofautisha si vigumu. Ngozi ya magome ikikatwa, ubavu wake huonekana wa rangi ya kahawia mpaka katikati. Ya kromu, isipokuwa imetiwa rangi mpaka ndani, huonyesha ubavuni rangi ya kijivu au buluu hafifu. Njia ya hakika zaidi ni kutia kipande kidogo katika maji yanayochemka kwa dakika chache. Kipande cha ngozi ya magome husinyaa na kujikunja, kwa kuwa hakistahimili joto la zaidi ya nyuzi 85 hivi za sentigredi. Kipande cha kromu hubaki karibu kama kilivyokuwa, maana ngozi hiyo huweza kustahimili hata nyuzi 100.

Tofauti hiyo ndiyo siri ya kazi nzima. Ukingo hung'aa kwa sababu unyevu, joto la msuguano na mkandamizo hulegeza ncha za nyuzi na kuzilaza pamoja, na zikikauka hubaki zimeshikana. Ngozi ya magome hukubali kutendewa hivyo. Ya kromu, kwa ustahimilivu wake, huinua nyuzi zake tena, kwa hiyo ina njia yake yenyewe, ambayo itaelezwa mbele.

KISU NA MSASA

Ukingo mzuri huanzia kwenye kisu. Kisu butu huvuta ngozi badala ya kuikata, na ukingo uliovutwa hautanyooka hata ukisuguliwa mchana kutwa. Kisu kinolewe mpaka kiweze kukata karatasi iliyoshikwa hewani. Kisimamishwe wima, kikivutwa kando ya rula ya chuma bila kusitasita njiani. Kama kitu kina tabaka mbili, zigundishwe na kushonwa kwanza, kisha ubavu ukatwe kidogo ili tabaka zote zilingane. Kumaliza ukingo wa kila tabaka peke yake kabla ya kushona ni kuipoteza kazi, maana tabaka zikiunganishwa hazitakutana sawasawa.

Hatua ifuatayo ni kuondoa pembe kali. Ukingo uliokatwa una pembe mbili, moja upande wa uso na moja upande wa nyama. Zisipoondolewa, fundi akianza kusugua zitamwagika nje pande zote mbili, na ukingo utapanuka kama kichwa cha uyoga. Kipo chombo kidogo kilichofanywa kwa kazi hiyo, chenye mdomo kama uma wa meno mawili na makali katikati yake. Hushikwa kwa kuinamishwa na kusukumwa mbele, nacho hutoa ukoo mwembamba wa ngozi, mrefu kama uzi. Asiye nacho aweza kutumia kisu kikali sana kwa uangalifu, akiparua kidogo kidogo.

Kisha huja msasa. Jina hili ni la mti ambao majani yake yana mikwaruzo, na mafundi waliyatumia kulainisha mbao kabla karatasi ya dukani haijafika. Mpaka leo watu husema jambo limepigwa msasa wakiwa na maana ya kuwa limesafishwa na kukamilishwa. Fundi wa ngozi huanza na karatasi ya namba 220, au namba 120 ikiwa tabaka hazijalingana. Hufuatisha namba 400 na kumaliza kwa namba 600. Kila namba huondoa mikwaruzo iliyoachwa na ile ya kwanza. Anayeruka kutoka namba 120 moja kwa moja hata 600 ataiona mikwaruzo mikubwa ikitokeza tena chini ya mng'ao.

RANGI KABLA YA NTA

Kama ukingo utatiwa rangi, wakati wake ndio huu. Nta ikishaingia, rangi haipenyi tena.

Kwa rangi nyeusi iko njia ya zamani isiyohitaji fedha nyingi. Misumari au vipande vidogo vya chuma kisicho na mafuta vikilowekwa katika siki kwa siku kadhaa, hutokea maji ambayo yakipakwa juu ya ngozi ya magome huigeuza nyeusi mara moja. Hiyo si rangi iliyobandikwa juu. Ni chuma kilichokutana na dawa ya magome ndani ya ngozi, kwa hiyo haibanduki. Makarani watapendezwa kujua kwamba wino uliotumiwa Ulaya kwa karne nyingi katika hati na madaftari ulifanywa kwa mkutano wa namna hiyohiyo, wa chuma na dawa ya miti. Chupa yenye siki na chuma isikazwe kifuniko, kwa sababu hutoa hewa ambayo huweza kuipasua.

Jambo hilohilo ni onyo kwa fundi. Ngozi ya magome iliyo mbichi kwa maji ikiguswa na msumari, kisu chenye kutu au vumbi la tupa, hupata madoa meusi ambayo ni vigumu sana kuyatoa. Bakuli la maji liwe la udongo, plastiki au kioo, wala lisiwe la chuma. Meza ipanguswe kabla ya kazi, na fundi anawe mikono.

KUSUGUA

Sasa ukingo hulowanishwa kwa kitambaa kilichokamuliwa. Unaotakiwa ni unyevu tu. Maji mengi huvimbisha nyuzi, na yakitiririka usoni huacha alama. Wako mafundi watumiao maji peke yake, na wako wanaopenda kutia gundi nyepesi. Kaskazini ya Kenya, katika sehemu za Turkana, Samburu, Isiolo, Marsabit na Wajir, iko miti ya migunga itoayo gundi ambayo huyeyuka katika maji. Ikiyeyushwa hata iwe kama uji mwepesi na kupakwa ukingoni kwa kidole, husaidia nyuzi kushikana. Isipakwe usoni pa ngozi, maana huacha doa linalong'aa.

Chombo cha kusugulia ni kijiti cha mti mgumu, kama mpingo, au kipande cha pembe ya ng'ombe, kilichochongwa mfuo unaolingana na unene wa ngozi. Mfuo huo nao hauna budi kupigwa msasa mpaka uwe laini kabisa, kwa maana chombo hakiwezi kutoa ulaini ambao chenyewe hakina.

Husuguliwa kipande cha sentimita 15 hivi kwa mara moja, kwenda na kurudi, kwa upesi na kwa mkandamizo wa kiasi. Mwanzoni kijiti hukwama kidogo. Baada ya muda mfupi huanza kuteleza, sauti yake hubadilika, na joto husikika kidoleni. Hapo ndipo nyuzi zinapolala, na ukingo huanza kuiva rangi na kung'aa. Mshipi wa sentimita 110 una zaidi ya mita 2 za ukingo ukihesabu pande zote mbili, yaani vipande vya namna hiyo 15 hivi. Fundi asiyekuwa na subira huanza vizuri na kuharibu katikati.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kukandamiza mno. Anayetumia nguvu nyingi huusukuma ukingo nje na kurudisha umbo lile la uyoga. La pili ni kusugua pasipo unyevu wa kutosha, ambako huunguza ncha za nyuzi badala ya kuzilaza. Ukingo ukikauka kabla haujang'aa, ulowanishwe tena. Zikiwako nyuzi zilizosimama, upitishwe msasa wa namba 600 na kusuguliwa upya. Si ajabu kazi njema kurudiwa mara 2 au 3.

NTA YA NYUKI

Ukingo ukisha kung'aa na kukauka kabisa, hutiwa nta ya nyuki. Nta hii hupatikana kwa wafuga nyuki wa sehemu nyingi, kama Kitui na Baringo, na wengine huitupa pamoja na masega baada ya kukamua asali bila kujua thamani yake. Huyeyuka kwa joto la nyuzi 62 hadi 64, nalo si joto kubwa. Kwa hiyo fundi hahitaji moto. Huburuta bonge la nta juu ya ukingo hata libakishe utando mwembamba, kisha huchukua kipande cha turubai au kitambaa kingine kigumu na kusugua kwa upesi. Joto la msuguano huiyeyusha nta na kuiingiza katika nafasi ndogo zilizosalia kati ya nyuzi.

Nta ya mshumaa wa dukani haifai kutumika badala yake. Mara nyingi ni kavu, na hupasuka mshipi unapokunjwa. Nta ya nyuki hunata na kukunjika pamoja na ngozi. Kazi ikiwa imekwisha, tone la maji likidondoshwa ukingoni litaviringika na kuanguka bila kunywewa. Huo ndio mtihani wa mwisho.

NGOZI ISIYOKUBALI KUSUGULIWA

Mwenye ngozi ya kromu asikate tamaa. Njia yake ya kwanza ni kupinda. Ukingo hupunguzwa unene upande wa nyama kwa kisu kilicholazwa, mpaka ubaki kama nusu ya unene wake au chini zaidi. Hupakwa gundi, ukapindwa ndani kiasi cha sentimita 1, ukagongwa polepole kwa nyundo na kushonwa. Ncha za nyuzi hufichwa ndani, na kinachoonekana ni uso wa ngozi peke yake. Wajalidi wa vitabu wamefanya hivyo tangu zamani, wakipinda ngozi juu ya jalada. Anayepinda bila kupunguza unene atapata ukingo mnene kama kamba, na mshono utakaokaa upande.

Njia ya pili ni rangi maalum ya ukingo, iliyo nzito na yenye kuvutika kama mpira ikikauka. Hiyo haipakwi mara moja kwa wingi. Hupakwa utando mwembamba, ukaachwa kukauka, ukapitishwa msasa laini, kisha ukapakwa wa pili na wa tatu. Utando mmoja mnene hubanduka kama ganda la yai.

USHAHIDI WA FUNDI

Kazi ya ngozi si ngeni katika Kenya. Mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate umejulikana tangu zamani kwa mafundi wake wa ngozi, na makubadhi ya pwani yamepamba miguu ya watu kwa vizazi vingi. Wamasai na Wasamburu hufunika ala za sime zao kwa ngozi iliyotiwa rangi nyekundu. Jijini Nairobi, soko la Kariokor linajulikana kwa viatu vya wazi vya ngozi na shanga, vinavyonunuliwa na wenyeji na wageni.

Lakini fundi wa leo ana mshindani ambaye babu yake hakuwa naye. Madukani imejaa mishipi ya plastiki iliyopigwa chapa ya ngozi, na mingine ya mabaki ya ngozi yaliyosagwa, kuchanganywa na gundi na kufunikwa utando wa juu. Usoni yote hupendeza. Mnunuzi hawezi kuitofautisha kwa macho, na bei yake ni ndogo. Baada ya miezi michache utando huanza kubabuka na mshipi hutupwa.

Mahali ambapo udanganyifu huo ni vigumu kufichwa ni ukingoni. Hapo mnunuzi huona kitu kilivyo ndani: kama ni ngozi kamili kutoka uso hata nyama, ama ni takataka zilizobanwa pamoja. Fundi anayetumia ngozi ya kweli na kuacha ukingo wake umechakaa tangu siku ya kwanza, anautupa ushahidi wake mwenyewe. Mnunuzi atadhani kazi yake na ile ya plastiki ni sawa, na atachagua iliyo rahisi.

Anayetaka kujifunza asianze na mkoba wa kuuzwa. Achukue vipande 3 vya mabaki ya ngozi ya magome, vya urefu wa sentimita 15. Cha kwanza akiache kama kilivyokatwa. Cha pili akipige msasa na kukisugua kwa maji tu. Cha tatu akifanyie kazi yote, kuanzia kuondoa pembe hata nta. Kisha avitie vyote ndani ya maji kwa dakika chache, avianike kivulini, na kesho yake avitazame kimoja kimoja. Avitundike pale anapouzia, ili mnunuzi anayelalamikia bei aweze kuvishika kwa mkono wake. Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.